Mifuniko ya Vizimba

"Tandu, katoka mlango wa nyuma. Kisanduku cha baridi, mkono wa kushoto."

"Namwona, Mkuu," Tandu akajibu redioni.

Askari huyo alishuka ngazi tatu tatu. Ilikuwa saa nne asubuhi, ujia wa maabara umejaa makoti meupe, na mlanguzi akipasua katikati ya watu kama anayewahi urithi.

Kisandukuni mlikuwa na vichupa sita vya vifuko vinavyotolewa na bakteria wa tumboni, vidogo hata jicho haliambulii kitu. Panya wa majaribio wenye dalili za usonji walipopewa, ilisemekana, jeni za ubongo wao zilibadili mwenendo: zilizolala zikaamka, zenye fujo zikatulia. Genge la ng'ambo lilitaka kuviuza kwa wazazi wa watoto wenye usonji kama dawa.

Mzazi aliyekwama haulizi maswali. Tandu alilijua hilo. Binti yake alitimiza miaka saba hajatamka neno, na asubuhi ile Tandu alikuwa amemnong'oneza mkewe: kimoja nitakileta.

Maegesho. Toyota nyeupe, injini inanguruma.

Bastola ya Tandu, Beretta, ikakohoa mara mbili. Matairi mawili yakakaa chini.

Mlanguzi aligeuka na kisu. Kiwiko kikamwahi kooni. Akala lami, pingu zikalia. Tandu akafungua kisanduku. Moshi wa barafu kavu. Sita.

Kimoja kikaingia mfukoni.

"Vingapi, Tandu?"

"Vitano, Mkuu. Kimoja kimevunjika."

Mama mtunza panya alifika akihema, aproni imelowa. Alimtazama kijana wa watu juu hadi chini.

"Mfuko wako unafuka moshi, mwanangu. Nani mgonjwa?"

Tandu alitaka kudanganya. Ulimi ukagoma.

"Binti yangu, mama."

Mama akaketi ukingoni mwa lami. Kadi zinazoonyesha panya yupi kapewa nini, alieleza, hubandikwa kwenye mifuniko ya vizimba. Siku moja ya kuosha, mifuniko ilitoka mashineni imechanganyika. Aliirudisha kwa kubahatisha, akanyamaza, maana kibarua ni kibarua. Waliotulia huenda walipewa maji ya chumvi tu. Wengine kumi na moja walikufa.

"Kwa hiyo hakuna kitu?"

"Hakuna ajuaye, baba. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Usimpe mtoto."

Tandu alikitoa kichupa. Kilishayeyuka; tone la maji, basi. Akamwekea mama kiganjani.

"Mkuu, nilikosea. Ni sita. Kimoja kimeharibika."

Redio ikakwaruza. "Kazi nzuri, Tandu."

Simu ikatetemeka. Mkewe.

"Umekipata?"

"Nakuja nyumbani."

 Nyuma ya mkewe mtoto alikuwa akigonga sahani kwa kijiko: tatu, akapumzika, tatu. Ndivyo alivyogonga jana, na juzi.

Tandu alikata simu, akavaa miwani myeusi, akapita katikati ya askari wenzake waliokuwa wamefika, wakimpongeza. Hakuharakisha. Mkono ulikuwa mfukoni, palipobaki ubaridi wa kichupa.