Siku Kumi za Bosi

Jumamosi moja ya Januari, mwaka wa tisini na nane, soko la Ukunda lilikuwa halina hata pa kutia mguu. Ummi alikuwa ameshika pembe moja ya pazia la kijani, na pembe ya pili imeshikwa na kijana mrefu aliyevaa shati la upagazi wa hoteli, kifungo cha tatu kimetoka.

"Dada, hili limetundikwa mbele ya Wajerumani miaka sita," kijana akasema. "Ukilinunua, mbwa mmoja anachanjwa."

"Mimi nataka pazia, kaka yangu. Habari za mbwa sijakuuliza."

"Basi nikupunguzie, mbwa achanjwe nusu?"

Ummi alicheka kabla hajajizuia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alikuwa fundi wa nguo, mzaliwa wa Waa, binti wa Bi Mwanamisi, mwanamke ambaye mbwa akichungulia tu uani kwake hufukuzwa mpaka barabarani. Siku ile alivaa buibui jeusi na leso ya manjano ikichungulia chini, na kijana aliitazama ile leso kana kwamba hajawahi kuona rangi.

Jina lake Gedion Wafula. Alikuwa amekuja kutoka Bungoma kubeba masanduku ya watalii, na watalii wakatoweka. Tangu machafuko ya Agosti, watu wa bara waliposhambuliwa, hoteli zilikuwa zimefungwa moja baada ya nyingine, wafanyakazi wa bara wamekimbia na mafurushi vichwani, na mbwa waliozoea makombo ya jikoni wamebaki ufukweni wakikonda na kuzaana. Mama Lenah, aliyekuwa msimamizi wa vyumba katika hoteli moja ya Diani, ndiye aliyeanza kuwaokota. Alijenga vibanda nyuma ya nyumba yake. Hoteli zilizofungwa zilimpa mashuka na mapazia, naye akamwajiri Gedion ayauze sokoni. Zile zilizobaki wazi zilimruhusu aweke mkebe wa sadaka mapokezi. Mtalii akimpenda mbwa alipewa picha yake, akawa mlezi wake kwa barua kutoka Ulaya. Na mbwa wakizidi, walipelekwa kwa gari la moshi hadi Nairobi, kwa watu waliokubali kuwachukua.

"Kwa hiyo kazi yako ni kuwatafutia mbwa wachumba," Ummi alimwambia siku alipomshonea kile kifungo.

"Na mimi mwenyewe nimekosa."

"Utapata wapi, nawe unanuka mbwa?"

"Nikioga?"

"Ukioga tutazungumza, mpenzi." Neno lilimtoka lenyewe. Ummi akainamia cherehani, masikio yanawaka moto.

Wakapendana, kwa siri na kwa woga. Gedion alimwogopa Bi Mwanamisi, na aliogopa kuonekana njia za Waa, kwa maana karatasi za kuwataka watu wa bara waondoke hazikuwa zimesahaulika. Ummi alimwogopa mama yake, majirani na mbwa, na kwa mbwa hasa hakuficha.

Alhamisi moja ya Machi, baada ya sala ya alasiri, alikwenda kwa Mama Lenah kupima masanduku ya safari, maana walimwomba awashonee mbwa magodoro ya magunia. Gedion alikuwa nyuma akipika ugali wa mbwa. Ummi aliinama kupima sanduku la mwisho, asijue kwamba mna mbwa ndani: kijibwa cha kahawia kilichookotwa Msambweni wiki ile, jina lake Bosi. Bosi alishtuka, akamng'ata chini ya kidole gumba cha mkono wa kushoto.

Hakupiga kelele. Aliuvuta mkono ndani ya buibui na Gedion alipotokea akamwambia ni mwiba. Angesemaje? Kwamba binti wa Bi Mwanamisi ameumwa na mbwa wa mpenzi wake Mkristo? Alikwenda moja kwa moja hadi bafuni kwao akauosha mkono mara saba, mara moja kwa udongo, kama alivyofundishwa tangu utotoni. Alipomaliza alijiona yu safi. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha.

Jumamosi asubuhi mtu asiyejulikana alitupa nyama yenye sumu ufukweni. Mbwa watatu walikufa kabla ya saa nne. Mama Lenah aliingiwa na hofu, na siku hiyo hiyo akawapakia kumi na mmoja katika behewa la mizigo, waliochanjwa na wasiochanjwa, pamoja na Gedion wa kuwachunga. Ummi hakuletewa hata salamu. Habari alizipata dukani kwa Chome, mwenye simu ya kulipia na mdomo usiolipiwa.

"Yule Mluhya wako kapanda gari la moshi," Chome alisema. "Wa bara hao. Huyo kafuata mke wake."

Ummi aliumia. Lakini hayo yalikuwa maumivu madogo. Jumatatu alipokwenda kwa Mama Lenah kudai magunia yake, alimkuta yule mama amekaa chini, kanga imemdondoka kichwani.

"Usisogee, mwanangu. Yule mweusi amekufa alfajiri. Alikuwa akitoka povu, akiuma mbao. Akiona maji anatetemeka."

"Mweusi yupi?"

"Aliyekuwa kibanda kimoja na Bosi."

 Ummi aliufunua mkono polepole. Mama Lenah aliitazama ile alama ya meno, akashika kinywa.

Walikwenda hospitali pamoja. Daktari aliusafisha mkono upya, akachoma sindano ya kwanza begani.

"Ungekuja siku ile ile," alisema.

"Nilinawa, daktari. Mara saba."

"Maji mengi yamekusaidia kuliko unavyojua. Udongo siku nyingine usitie, tumia sabuni. Lakini kunawa peke yake hakutoshi. Tutaendelea na sindano, na huyo mbwa atafutwe, afungiwe peke yake. Akitimiza siku kumi tangu akuume, yu mzima, wewe huna neno."

"Na akifa?"

"Tutaendelea na sindano na kumwomba Mungu."

"Na kama ugonjwa umeshaniingia?"

Daktari aliweka sindano chini. "Dalili za kichaa cha mbwa zikianza, dada, hatuna dawa."

Tangu saa hiyo Ummi alikuwa akilisikiliza koo lake. Kila funda la maji lilikuwa mtihani. Akimeza vizuri, alijiambia labda ni kesho. Akikwama kidogo, jasho lilimtoka. Chakula alikipeleka chumbani akakirudisha vile vile, na mama yake akidhani ni homa akamchemshia mkaratusi.

Jumanne, saa kumi jioni, Ummi akiwa dukani kama alivyoagizwa na Mama Lenah, simu ya Chome ililia.

"Ummi?" Ilikuwa sauti ya Gedion, ikikatikakatika. "Mama Lenah amenipata. Mbona hukuniambia umeumwa?"

"Nawe mbona hukuniambia unaondoka?"

"Mbwa walikuwa wanakufa!"

"Na mimi je?"

 Gedion akasema taratibu, "Bosi yuko Ngong, kwa mwalimu mmoja mstaafu, Bi Immaculate. Niko naye. Nimemfungia peke yake, mimi nalala nje ya mlango. Sitoki hapa."

"Amekunywa maji?"

"Amekunywa, mpenzi. Bakuli nzima."

Tangu hapo simu ilikuja kila siku saa kumi. Watu waliokuwa kwenye foleni dukani walizoea kumwona fundi wa nguo akiikumbatia simu kwa mikono miwili, akiuliza neno lile lile. Chome mwenyewe aliacha dhihaka. Simu ikilia kabla Ummi hajafika, alimtuma mtu mbio akamwite.

"Amekunywa maji?"

"Amekunywa."

"Amekula?"

"Amekula, akala na kiatu cha Bi Immaculate."

"Usinichekeshe, Gedion. Naogopa."

"Mimi pia naogopa. Nikifunga macho naona ni wewe uko humo ndani na mlango nimeufunga mimi."

Ijumaa, siku ya nane, alisema daktari wa mifugo amemtazama Bosi na hakuona kibaya. Ummi alilala kidogo siku ile, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Jumamosi, saa kumi, simu haikulia. Saa kumi na moja haikulia. Chome aliinua mkono wa simu mara mbili kuhakikisha inafanya kazi, akaurudisha bila kumtazama usoni. Magharibi ikaadhiniwa. Ummi alitembea kurudi nyumbani huku akijua, kama mtu anavyojua jina lake, kwamba Bosi amekufa na Gedion hana ujasiri wa kusema.

Hakunywa maji tena. Asubuhi ya Jumapili Bi Mwanamisi aliona kikombe kilichojaa karibu na kitanda, akamshika kidevu.

"Ummi. Niambie mimi mama yako."

Akamwambia yote, na mkono akamwonyesha. Alingoja kofi. Bi Mwanamisi alimvuta kifuani akamshikilia kwa nguvu mpaka akaumia.

"Unaniogopa mimi kuliko kifo, mwanangu? Mimi ni mtu gani?"

Saa saba mchana hodi ikapigwa. Mlangoni alisimama Gedion, shati limekunjamana kwa safari, macho mekundu, na mkononi kamba. Mwisho wa kamba alikuwapo Bosi, mdomo umefungwa kwa mkanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

"Ni yule mbwa." Alimtazama Ummi juu ya bega la mama yake. "Jana laini za Ngong zilikatika. Nikajua ukikosa simu utasema amekufa. Nikaenda stesheni nikambembeleza mtu wa mizigo."

Ummi alihesabu kwa vidole. "Siku kumi hazijatimia. Aliniuma alasiri."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mapema."

Basi wakangoja. Bi Mwanamisi hakumruhusu mbwa apite kizingiti, wala hakuwafukuza. Gedion aliketi chini ya ukuta wa nje na Bosi amefungwa kwenye nguzo, Ummi kwenye kibao mlangoni, mama mtu katikati yao na tasbihi yake. Majirani walipita, wakatazama, wakarudi kutazama tena.  Mara moja Bosi alikohoa, na wote watatu wakaruka.

Kwa mbali ikaadhiniwa alasiri. Bi Mwanamisi aliingia ndani, akatoka na kifuu cha nazi kilichojaa maji, akakiweka chini mbali na miguu yake.

"Mfungue mdomo," akasema. 

Gedion aliulegeza mkanda. Bosi alikinusa kifuu. Akarudi nyuma. Ummi akamwona yule mweusi, akaona povu, akaona kaburi la mchanga kule Waa.

Bosi alikohoa tena, akaingiza ulimi, akanywa. Alikunywa mpaka kifuu kikapinduka, akaramba na pale chini palipolowa.

"Alhamdulillahi," Bi Mwanamisi alisema, akafuta macho kwa ncha ya leso. "Alhamdulillahi rabbil alamina."

"Ungeniambia kwa simu tu," Ummi alisema.

"Ungeniamini?"

"Nisingekuamini."

Gedion aliinuka, akapangusa suruali. "Mama, nina neno moja nataka kusema."

"Leo usiseme. Leo una mbwa mkononi," Bi Mwanamisi akamkatiza. "Mrudishe kwa wenyewe, kisha uje na wazee wako. Mchana, niwaone nyuso. Na habari ya dini tutaizungumza hapo hapo, sikufichi, itakuwa nzito."

"Na kama wazee wangu wanaogopa kuja huku?"

"Waambie hata mimi naogopa. Waje vivyo hivyo."

Ummi hakungoja kusikia jibu. Aliingia ndani hadi penye mtungi, akachota kikombe, akanywa. Maji yalipita. Akachota kikombe cha pili, akakimaliza, akaketi sakafuni na kulia kwa sauti, na safari hii hakujali nani anamsikia.