Ipi Iligongwa Kwanza

Jua lilikuwa linazama Wakili alipofungua duka la mjomba wake kufuata miwani. Miwani tu. Achukue, afunge, arudi nyumbani kabla giza halijashika.

Wakili halikuwa jina lake. Nyumbani walimbandika hilo tangu alipoanza kushinda midahalo chuoni, na lilimkaa. Juzi tu aliwagombeza majirani waliokuja kumjulia hali mjomba. Mzee alikutwa dukani siku nne zilizopita, yuko sakafuni, mdomo umekwenda upande, sauti imepotea. Jirani mmoja akanong'ona kwamba kapigwa kofi na shetani.

"Kapigwa na presha!" Wakili aliwaka. "Akiugua mwingine, shetani. Mkiugua nyinyi, mnakimbilia vidonge. Kwa nini?"

Wakaaga mmoja mmoja. Alishinda tena.

Duka lilikuwa chumba kimoja chembamba: meza, taa ya shingo ndefu, visanduku vya sarafu kuukuu za fedha. Miwani ilikuwa imeangukia chini ya meza. Aliinama, akaiokota, akainuka...

Mbele ya meza kulikuwa na mwanamke.

Mlango haukulia. Hewa ilinuka chuma cha moto kilichomwagiwa maji.

"Tumefunga, dada."

"Wewe ndiye mpwa wake," mwanamke alisema kwa sauti ya chini. "Alikufundisha."

Alisimama kiubavu, uso wake ukionekana upande mmoja tu. Wakili akasogea ili amwone vizuri. Upande ukawa uleule.

Alikimbilia mlango. Kitasa hakikuzunguka. Alisukuma kwa bega, akapiga kwa ngumi, akaita. Nje watu walipita wakicheka, hatua mbili tu kutoka alipo. Hakuna aliyegeuza hata shingo.

"Swali moja," sauti ilisema nyuma yake. "Ukijibu, utatoka."

Sarafu mbili zikatua mezani. Tii... tii...

"Hii yangu. Hii ya mwenzangu. Tulizaliwa pacha, tukashikishwa sarafu hizi zikiwa bado na moto wa kugongwa. Aliyetangulia alipewa iliyotangulia. Angalia uniambie. Nani Kurwa, nani Doto?"

Sarafu zile zilikuwa na zaidi ya miaka mia moja. Mwanamke hakuwa na mvi hata moja.

Wakili aliwasha taa, akashika lenzi. Kazi yenyewe aliijua. Muhuri wa chuma unaogonga sarafu ukipata ufa, kila sarafu inayofuata hutoka na mstari mwembamba uliovimba. Ufa hukua, mstari hurefuka. Kwenye sarafu ya mwanamke mstari ulitoka ukingoni ukaishia sikioni mwa picha ya malkia. Kwenye ile nyingine ulikwenda mpaka mdomoni.

Mfupi ndio wa kwanza. Mtu wa haraka angejibu hapohapo.

Lakini mjomba hakumfundisha haraka. Aligeuza sarafu taratibu kwenye mwanga... vikwaruzo. Vingi, vyembamba, vyote vimelala upande mmoja. Na kishungi cha nywele juu ya sikio, kilichokuwapo kwenye ile nyingine, hapa hakikuwapo. Fundi alikuwa ameusugua muhuri ili aufiche ufa. Mstari ule haukuwa mchanga. Ulikuwa umefutwa ncha.

Sarafu yake ndiyo iliyofuata. Mwanamke alikuwa Doto.

Wakili akainua macho, na kitu kikamchoma kifuani kuliko hofu. Hasira. Huyu hakuja kuuliza. Alikuja na jibu lake tayari, akamfungia mtu ndani ili aligongee muhuri!

"Yako ni ya pi..."

Baridi.

Ilianzia nyuma ya sikio. Ikatambaa. Alipogusa shavu, ngozi ilikuwa imevimba mstari mwembamba, mgumu, unaosonga mbele chini ya vidole vyake. Pembe ya mdomo ikaanza kuvutwa.

Mwanamke hakusogea. Alingoja tu.

"Ya kwanza," Wakili alisema. Maneno yalimtoka kama si yake. "Yako ndiyo ya kwanza. Ufa wake... mfupi."

Baridi ikarudi ilikotoka. Kitasa kikalia.

"Ahsante, Wakili." Mwanamke alizikusanya sarafu zake. "Nitamwambia mwenzangu umesema wewe."

Wakili alikimbia njia nzima, miwani mkononi.

Mjomba alikuwa kitandani, ameegemezwa mito. Wakili hakungoja hata pumzi imtulie. Alimweleza yote, la mwanamke, la pacha, la vikwaruzo. Mzee alivaa miwani, akanyoosha mkono wa kushoto kuomba daftari. Akaandika kwa herufi za kuparaganyika:

ULIMJIBU NINI

"Nilimpa alichotaka. Ningefanyaje, mjomba? Alinishika uso!"

Mjomba alifumba macho. Alipoyafumbua aliandika tena, polepole, kalamu ikikwaruza.

NA MIMI NILIMPA

Kisha, chini yake:

MWENZAKE ALIKUJA KABLA SIJAFUNGA DUKA

"Lakini hiyo si haki!" Wakili alisema, na sauti yake ikapanda kama yuko jukwaani. "Ukisema kweli, huyu anakupiga. Ukidanganya, yule. Sasa mtu aseme nini?"

Mjomba alimtazama kwa jicho moja zima. Akalifunga daftari.

Chumbani kukaanza kunuka chuma.

"Hodi humu," sauti ya kike iliita nje, ya upole kabisa.

"Karibu, mwanangu!" mama yake Wakili alijibu kutoka jikoni, kwa furaha. "Sukuma tu, mlango uko wazi."