Kuku Waliokataa Kufa

Kila asubuhi kabla ya shule, Kidomo alikuwa na kazi zake: kuwafungulia kuku banda, kufagia ua, na kumjazia mama yake chupa ya maji ya kwenda nayo kazini. Jina hilo la Kidomo alipewa na mjomba wake, kwa sababu tangu alipoanza kuongea hakuwahi kunyamaza, isipokuwa labda akiwa usingizini, na hata huko hakuna aliyekuwa na uhakika.

Mama yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbegu, chumba cha kufungia pakiti. Mahindi yalichanganywa na dawa nyekundu ya kuzuia wadudu, yakakaushwa, kisha mama na wenzake wakayatia kwenye pakiti zenye picha ya fuvu na maneno: "Sumu. Weka mbali na watoto na mifugo." Zamani mama alirudi nyumbani akipiga chafya mpaka kitambaa cha kichwa kinamdondoka, maana dawa ile ilikuwa kali. Siku hizi chafya zilikuwa zimekwisha.

"Nimeizoea," alisema, wala hakulifikiria zaidi.

Jumamosi moja alikuja na pakiti ya kupanda kwenye kishamba chao. "Kidomo, iweke juu ya kabati sasa hivi."

"Sawa, mama."

Kidomo akaiweka kizingitini, mara moja tu, achungulie wenzake waliokuwa wakiruka kamba nje. Aliporudi, pakiti ilikuwa imepasuliwa. Jogoo na majike yake walikuwa wanamalizia punje za mwisho, midomo imekuwa myekundu kama ya watu waliojipodoa waende harusini.

Wazo la kwanza la Kidomo lilikuwa kuitupa ile pakiti na kujifanya hajui kitu. Lakini je, jioni mama akichinja kuku mmoja, wakamla pamoja na sumu yake?

"Mama!" akapiga kelele. "Njoo! Nimeua kuku wote!"

Mama alitoka mbio. Hakumpiga. Aliwafungia kuku bandani, akamwambia bintiye anawe mikono kwa sabuni, akasema, "Hapa haliwi kuku wala yai. Tusubiri." Mchana kutwa Kidomo alikaa karibu na banda akilia na kuwaomba kuku radhi, mmoja mmoja.

Kesho yake asubuhi jogoo akawika. Akawika tena, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.

"Wazima! Mama, wote wazima!"

Mama hakucheka. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Kuku hawa walipaswa kuwa wamekufa, au angalau wanaugua."

"Kwani unataka wafe?"

"Nataka kujua kwa nini hawakufa." Aliokota punje zilizonasa kwenye ufa wa kizingiti, akazilowesha, akazisugua, akazinusa. Rangi ilitoka yote. Harufu haikuwepo. "Dawa iko wapi hapa? Haya ni mahindi ya kula, yamepakwa rangi."

Kidomo akamkumbuka mjomba. Msimu uliopita mbegu zake nyingi ziliozea ardhini na nyingine zikaliwa na wadudu, naye akajilaumu kwamba amepanda vibaya. Pakiti alizonunua zilitoka kiwandani kwa kina mama.

Siku ya kazi, mama alimweleza msimamizi, bwana mcheshi mwenye funguo zinazolia kiunoni, habari ya kuku, akamuuliza dawa iko wapi. Msimamizi akacheka. "Mama Kidomo, kazi yako ni kufunga pakiti. Basi funga pakiti, funga na mdomo, mshahara utaukuta."

Mama hakuufunga. Siku yake ya mapumziko alikwenda ofisi ya serikali inayopokea taarifa za udanganyifu, punje zimefungwa kwenye leso, Kidomo pembeni. Afisa aliyewapokea, mwanamke mmoja mwenye miwani yenye kamba shingoni, alisikiliza mpaka mwisho.

"Nikisema, si nitafukuzwa?" mama akauliza.

"Sikia, dada yangu. Jina lako tutalitunza. Kwa sheria, mwajiri haruhusiwi kukufukuza, kukupunguzia mshahara wala kukutisha kwa sababu umetoa taarifa. Akithubutu, uje hapa, atajibu yeye. Na udanganyifu ukithibitika, kiwanda kikatozwa faini, fungu la faini hiyo ni zawadi yako. Lakini anayezua uongo kwa makusudi, sheria haimkingi."

"Mimi nasema nilichoona, na walichokula kuku wangu."

Ofisi ilitunza siri, lakini msimamizi hakuwa mjinga. Alikumbuka nani aliuliza. Wiki haikuisha, mama akafukuzwa, eti ni mchelewaji, yeye ambaye kila siku alifika kabla ya mlinzi wa geti! Siku hiyo hiyo akarudi kwa yule afisa na barua ya kufukuzwa.

Habari zikasambaa, na shuleni nako hakukukalika. "Mama yako mchongezi!" mvulana mmoja alipayuka mbele ya darasa.

Kidomo akasimama. "Mchongezi anataka mwenzake aumie. Mama yangu anataka baba yako asiuziwe rangi. Kamuulize, mbegu zake ziliota?"

Mvulana akarudi kwenye dawati lake. Hazikuota.

Kisha msimamizi mwenyewe akaja nyumbani, ameshika boksi la viatu vya shule. "Binti mzuri, hivi ni vyako. Wakija watu kuuliza, sema kuku wenu hawakula kitu. Mama atarudi kazini, yaishe."

Kidomo alitazama viatu vile. Vyake vilikuwa vimeachama mbele kama vinaomba maji. Akarudisha boksi.

"Walikula. Nilisema kweli nilipodhani nimewaua, sembuse leo!"

"Mama yako atakula jeuri yake!"

"Mama yake yuko hapa," mama akasema, akitoka mlangoni na mwiko mkononi. "Na maneno hayo pia nitayapeleka ofisini. Karibu tena."

Msimamizi akaondoka, funguo zikilia njia nzima.

Wakaguzi walifika kiwandani bila kubisha hodi. Nyuma ya ghala wakakuta mapipa ya rangi na magunia ya mahindi ya sokoni. Msimamizi na mwenye kiwanda wakashtakiwa, kiwanda kikatozwa faini na kuamriwa kuwapa wakulima mbegu halali. Mama akarudishwa kazini, na mishahara yote aliyonyimwa akalipwa. Baadaye zawadi yake nayo ikaja. Kidomo akapata viatu, visivyo na masharti.

Siku ya kwanza ya kazi, mama alirudi akipiga chafya mpaka kitambaa kikadondoka. Walicheka hadi machozi.

"Kesho navaa barakoa," alisema akijifuta. Kisha akamvuta bintiye karibu. "Mwanangu, kuna watu watakaotaka unyamaze. Ukiona wizi unaoumiza wengi, sema, sema kweli tupu, na useme mahali panapohusika. Mimi nilisema kiwandani na ofisini, lakini wa kwanza kusema ni wewe, hapa uani."

Mjomba alikuwa ameketi kando, akimtupia jogoo jicho la njaa. "Sasa si tumchinje huyu, tusherehekee?"

"Thubutu!" Kidomo akaruka, akamkumbatia jogoo. "Huyu ni shahidi. Analindwa na sheria!"