Sikio la Mwaisha

Hedifoni ilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana jua la asubuhi lilikuwa bado halijafika ukutani pale, na halikuwa joto la umeme, maana waya wake ulining'inia haujachomekwa popote. Lilikuwa joto la masikio, kama la kofia aliyoivua mtu sasa hivi. Mwaisha aliishika, akaigeuza, akanusa sponji zake. Zilinukia udi.

"Agnes!" aliita. "Nani kavaa hii?"

Agnes, jirani yake aliyekuwa anakaanga chapati barazani, hata hakugeuka. "Mlango umefungua mwenyewe sasa hivi, halafu unaniuliza mimi? Labda kavaa panya."

Mwaisha akasonya, akaitundika tena. Mtu mwenye la kuficha husonya upesi.

Duka lake lilikuwa Mwembesongo, mjini Morogoro, chumba cha mbele cha nyumba ya ukoo. Ndani mlikuwa na televisheni tatu za PS na kompyuta mbili, na vijana walijaa humo tangu saa nne mpaka magharibi. Lakini jina lake halikutokana na gemu. Lilitokana na sikio. Kijana akitaka hedifoni, awe wa mjini au wa Mikese, aliambiwa asitoe hela yake kabla hajampelekea Mwaisha. Alikuwa na miaka arobaini na saba na hakuwahi kushika pedi ya gemu akashinda hata mara moja, ila akivaa hedifoni na kufumba macho, mtu akacheza gemu ya vita mbele yake, alinyoosha kidole: adui huyo, kulia, nyuma ya mlango, sasa anapanda ngazi. Kidole kikikosea, hedifoni ilirudi kwenye boksi.

"Msidanganywe na hizi zinazowaka taa," alikuwa akiwaambia. "Taa haisikii. Nyingine hii ya bluetuthi, mlio wa risasi utakufikia umeshakufa. Hii ya ngozi, kwa joto la Morogoro, utajichemsha masikio. Chukua ya kitambaa. Kwenye PS chomeka kwenye pedi yenyewe. Kwenye kompyuta kuukuu usichomeke tundu la mbele, linakwaruza kama kuku. Nunua kile kidude cha USB. Na wewe wa mpira, unataka ya nini ya bei hiyo? Mtangazaji hata kwenye sabufa utamsikia."

Walimcheka, lakini walimtii. Wenye maduka ya vifaa walimpa chochote kwa kila mteja aliyempeleka. Wengine wana shamba Mgeta. Shamba la Mwaisha lilikuwa sikio lake.

Nyuma ya ukuta wa duka, ukuta alioubandika trei za mayai ili kelele zisitoke, alikuwa akilala mama yake mkubwa, Semeni. Semeni alikuwa na ruhani. Alirithi kutoka kwa mama yake, naye kwa mama yake, tangu chemchemi ya huko milimani walikotoka, maana kwetu Uluguru ukoo ni wa mama na vya ukoo hufuata njia hiyo, hata visivyoonekana. Mtu anayepandwa na jini huitwa kiti, na Semeni alikuwa kiti kizuri, msafi, asiyekosa udi siku ya Alhamisi. Uzeeni miguu ilimkataa. Wakakubaliana na Mwaisha: akihitaji kitu, atagonga ukuta mara tatu kwa kikombe chake cha bati.

Basi aligonga. Aligonga akitaka chai, aligonga akitaka kufukuziwa nzi, aligonga kuuliza kama mvua imeanza kule juu. Mtu akigonga mara kumi kwa siku, ya kumi na moja huiitikii kwa moyo.

Siku aliyokufa, alasiri, Mwaisha alikuwa anapima hedifoni ya Emmanuel wa Kingolwira, ile nzito ya kuziba masikio yote. Ukuta ukagongwa. Alisikia. Tusizungushe maneno: alisikia, tena vizuri, kwa sikio lile lile lililosikia adui akipanda ngazi. Akaongeza sauti. Ukagongwa tena, pole pole. Akaongeza tena. Mara ya tatu hakukugongwa. Saa nzima baadaye alipeleka chai, akamkuta bibi wa watu sakafuni, midomo imepasuka kwa kiu, mtungi wa maji uko hatua mbili kutoka mkononi.

Msibani alisema, "Nilikuwa nimevaa hedifoni. Sikusikia." Watu wakatikisa kichwa. Ndivyo vitu vile vilivyotengenezwa, vizibe.

Baada ya mazishi mjomba wake, Abdulswamad, mkubwa wa ukoo, alimwita pembeni. "Mwanangu, unajua kazi iliyobaki. Kiti kikifa, mwenye kiti huambiwa. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Kabla ya arobaini ingia chumbani kwake, choma udi, kaa chini, mwambie ruhani kiti chake kimekufaje. Sema ukweli wote, umuage aende kwao. Jini naye hufiwa."

"Nimekusikia, Mjomba."

Kumbe hakutaka kukaa na jini chumba kimoja huku anasema uongo. Akafanya jambo ambalo bibi zetu hawakuwahi kulifikiria hata kulikataza. Alijirekodi kwenye simu, barazani, mchana kweupe: "Mwenye kichwa cha Semeni, kiti chako kimeondoka, kiliondoka ghafla, sikusikia, nenda salama." Akapeleka spika ndogo chumbani kwa marehemu, akaiweka kitandani na chetezo pembeni yake, akafunga mlango, akairusha sauti kwa simu akiwa dukani, anauza soda. Jini lililokuwa halijui hedifoni ni nini likaonyeshwa njia: sauti huingia huku, hutokea kule.

Asubuhi iliyofuata ndiyo hedifoni ilipokutwa na joto.

Siku ya pili Petro, fundi baiskeli aliyependa gemu za vita kuliko ndoa yake, alivua hedifoni katikati ya mchezo.

"Maza, hii kitu imeharibika. Inaniambia adui yuko nyuma kushoto. Nageuka, hamna mtu. Nageuka tena, hamna. Wananimaliza kwa mbele huku mimi natafuta mzimu."

"Hujui kucheza, Petro. Usitukane hedifoni."

"Sawa, sijui kucheza. Lakini gemu ya makomandoo inavaa njuga tangu lini?"

Mwaisha alimwangalia. "Njuga?"

"Njuga za miguuni, za ngoma ya pepo. Sikiliza mwenyewe."

Akavaa. Akasikia risasi, upepo, kishindo cha buti. Na nyuma ya hivyo vyote, kushoto, upande wa trei za mayai, mguu mtupu ukikanyaga sakafu, na njuga zikilia mara moja kila hatua. Alizima kompyuta. Risasi zikakoma. Njuga hazikukoma.

"Nendeni," aliwaambia vijana. "Umeme una hitilafu."

"Umeme upo, Maza!"

"Nimesema nendeni!"

Akabaki peke yake, saa nane ya mchana, jua limejaa mlangoni na Agnes nje anacheka na wateja wa chapati. Akafanya alivyozoea kufanya, akapima: alivaa ya waya, akasikia hatua nyuma kushoto, akavaa isiyo na waya, hatua zikawa karibu zaidi, kushoto kabisa, akaichomoa ile nzito aina ya Emmanuel kwenye kila kitu kilichokuwa na tundu, akaivaa ikiwa imekufa kama kifuu, na humo ndani ya kifuu hatua zikaja bila haraka, zikapita ukuta, zikapita trei, zikaja mpaka nyuma ya kiti alichokalia, na harufu ya udi ikamjaa kooni, na kidole chake, kile kidole cha kuonyesha adui, kikainuka chenyewe bila kuagizwa, kikaanza kufuata, nyuma, kushoto, kushoto zaidi, mpaka kikagusa sikio lake mwenyewe, na hapo hatua zikasimama, na sauti kavu, ya mtu ambaye hajaonja maji tangu jana, ikasema ndani kabisa, mahali ambapo hakuna hedifoni inayofika: "Ulisikia."

Aliitupa hedifoni. Sikio la kushoto likaziba pale pale, kama lililomwagiwa maji.

Daktari aliangalia, akasema sikio safi, halina kitu. "Kama halina kitu, ndiyo shida yenyewe," Mwaisha alimjibu kwa hasira. Wiki hiyo, kwa sikio moja, akamchagulia mteja hedifoni iliyokufa upande mmoja, na Emmanuel akaja na nyingine, akaibwaga mezani. "Mama, umetuchagulia nini? Mdogo wangu kavaa, kakaa analia, anaomba maji. Kanywa ndoo nzima, bado anaomba!" Vijana waliokuwepo wakavua hedifoni zao mmoja mmoja, kimya, kama watu wanaovua viatu mlangoni.

Ndipo akaenda kwa mjomba. Mjomba hakuuliza mengi. Alituma mtu Kinole, akaletwa Bibi Mwanvita, fundi wa ngoma za pepo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hiyo pikipiki yenu imenivunja kiuno. Wapi kitu chenyewe?"

Wakampa hedifoni. Aliigeuza-geuza, akauliza upande upi wa kulia, akaivaa juu ya ushungi wake. Agnes alikuwepo, Mjomba alikuwepo, na mlangoni Petro na wenzake wamebanana. Hakuna aliyecheka. Bibi Mwanvita alisikiliza kwa muda mrefu, akavua.

"Analia," alisema kwa sauti ya chini. "Hataki mbuzi. Hataki marashi ya halwaridi wala kitambaa cheupe. Amesema mmemuaga kwa kisanduku cha sauti kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Anauliza neno moja tu, na anauliza mbele ya watu." Akamgeukia Mwaisha. "Kiti changu kiligonga. Ulisikia au hukusikia?"

Mwaisha alilamba midomo.

"Usijibu upesi," fundi alimwambia. "Ukisema kweli, aibu ni yako, sikio litarudi, naye ataondoka leo hii kwenda chemchemi kwao. Ukisema uongo, ataushika uongo wako aufanye kweli. Hapo mimi sina dawa, wala msinitafute."

"Mwaisha, mwanangu," mjomba alinong'ona. "Sema tu. Sisi ni watu, tutakasirika, tutapoa."

Mwaisha aliwaangalia. Alimwona mjomba, awezaye kumtoa humo, maana nyumba ni ya ukoo na ukoo ni yeye. Alimwona Agnes, ambaye neno likimfikia asubuhi huwa sokoni adhuhuri. Akawaona vijana mlangoni. Akapiga hesabu ya mtu mwerevu: sikio moja limekufa, moja linasikia, na sikio moja linatosha kuchagulia hedifoni.

"Sikusikia," alisema.

"Apa."

"Wallahi sikusikia."

Aliona kinywa cha Bibi Mwanvita kikisema kitu. Aliona Agnes akishika kifua. Aliona mjomba akisimama, kigoda kikianguka nyuma yake, na kigoda kilianguka kama pamba inavyoanguka. Nje pikipiki zilipita bila mlio. Mwaisha alipiga kofi, kisha akapiga tena, akatazama viganja vyake kama vya mtu mwingine. Bibi Mwanvita alikuwa anafunga mkoba.

Basi akazoea. Mtu huzoea. Alisoma midomo, akaandikiana na wateja kwenye karatasi, akaacha kuchagua hedifoni, akabaki kukodisha muda wa gemu. Alijiambia kwamba kisasi kimelipwa: jini limechukua masikio, limeondoka. Harufu ya udi haikuwepo tena. Usingizi ulirudi. Wateja nao wakarudi, wachache, kwa kuwa bei aliishusha.

Ila aliona wanaanza kumtazama. Alikuwa amekaa kwenye kaunta, mikono mapajani, hana neno na mtu, na mmoja aligeuka kutoka kwenye televisheni akamkodolea macho. Kisha wa pili. Kisha waliacha pedi na kutoka, mchezo haujaisha, bila kudai chenji.

Walichokuwa wanakisikia ni hiki. Ile sauti kavu ilikuwa inatoka kinywani mwa Mwaisha, bila kupanda, bila kushuka, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake: "Nilisikia. Aligonga, nikasikia. Nikaongeza sauti. Akagonga tena, nikasikia. Nikaongeza tena." Ikifika mwisho ilianza upya. Ilianza asubuhi akifungua mlango, na Jumamosi moja, Petro alipokuwa wa mwisho kutoka, ilikuwa imeshaanza na kumalizika mara ambazo hakuna aliyezihesabu.

Agnes aliingia na mikono yenye unga. Alisimama mbele ya kaunta, machozi yanamtoka, akasema kitu ambacho Mwaisha hakukipata midomoni. Akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi, akaisukuma.

Mwaisha akasoma: *Nyamaza, Mwaisha. Kwa jina la Mungu, nyamaza.*

Akaisoma mara ya pili, akamwinulia Agnes macho ya mtu aliyeonewa. Tangu asubuhi alikuwa hajafungua mdomo.