Kabla ya Kubonyeza Ndiyo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda gulioni, Bibi Bernadeta alikaa mlangoni akisokota karatasi. Alichana ukurasa wa daftari kuukuu, akausokota mpaka ukawa kama pembe, kisha akaujaza karanga za kukaanga.

Madaftari hayo yalitoka kwenye zahanati ya misheni ya Mlunga, kijiji kilicho juu kwenye Milima ya Uluguru. Binti yake, Rosa, alikuwa karani wa zahanati. Yeye ndiye aliyempa.

"Rosa, hapa pameandikwa jina la mtoto wa Ernest," bibi alisema siku moja, akiushika ukurasa mbali na macho yake. "Na tarehe zake za chanjo. Una hakika hamyahitaji?"

"Mama, majina yote yako kwenye kompyuta sasa. Hayo ni makaratasi tu."

"Haya. Kama kompyuta imeshiba, acha na mimi nile."

Rosa alicheka, akaenda kazini.

Kompyuta ya zahanati ilikuwa ya aina ya Makintoshi, tena ya zamani. Sista mmoja mgeni aliiacha alipomaliza muda wake. Ilitumia umeme wa mtambo mdogo wa maji wa misheni. Kwa miaka miwili Rosa alikuwa ameandika humo jina la kila mtoto, jina la mama yake, kitongoji chake na chanjo alizopata. Kila Ijumaa alinakili orodha kwenye disketi, kile kisahani cha plastiki cha kuhifadhia kazi za kompyuta. Disketi ilikuwa moja tu. Aliitunza ndani ya kopo la maziwa.

Mwezi wa tano mwaka 1999, kifaduro kiliingia kijiji cha jirani. Watoto walikohoa mpaka wakakosa pumzi. Mtoto mmoja alifariki.

Siku ya Alhamisi, Sista Scholastika, muuguzi mkuu wa zahanati, alimwita Rosa.

"Chanjo inaletwa Jumatatu," alisema. "Unajua friji yetu ni mbovu. Itakuja kwenye boksi la barafu, na barafu hiyo haimalizi siku mbili. Nipe majina ya watoto ambao hawajapata chanjo ya tatu. Tutume watu wakawaite."

Rosa aliwasha kompyuta. Kioo kilibaki cheusi. Akazima, akawasha tena. Kikabaki cheusi. Akachomoa waya, akaupangusa, akauchomeka.

"Tupige mbiu, Sista. Akina mama waje na kadi zao."

"Wa karibu watakuja. Lakini walioacha kuja ni wale wa mbali. Tuna vitongoji kumi na kimoja, na kila kimoja kina mlima wake. Bila majina tutazunguka wiki mbili."

Rosa alikimbia nyumbani. Alifungua sanduku la madaftari. Yalibaki magamba na kurasa chache za mwisho. Watu walikuwa wamekula karanga na kutupa karatasi.

Usiku huo Rosa hakulala vizuri. Disketi bado ilikuwepo. Lakini ingefunguliwa wapi?

"Kwani shida iko wapi, mke wangu?" alisema mume wake, Gervas, mkulima wa karoti. "Kamati ya zahanati ilikwisha kutoa fedha tununue kompyuta mpya. Kesho twende mjini, tuchomeke disketi, tusome majina. Kaseti yangu ya kwaya inalia kwenye redio yoyote. Disketi nayo ni hivyo hivyo."

Ijumaa alfajiri walishuka mlima kwa miguu. Gervas alibeba tenga la karoti. Rosa alifunga disketi kwenye kitambaa, akaiweka kifuani. Kila alipoteleza aliigusa kwanza, kisha ndipo akatazama goti lake.

Tangu biashara iwe huria, maduka ya kompyuta yalikuwa yameanza kufunguliwa Morogoro mjini. Waliingia katika duka la kwanza waliloliona. Muuzaji alikuwa kijana nadhifu anayeitwa Dennis.

"Karibuni. Dada, mmekuja wakati mzuri. Hii hapa ndiyo Windows 98, mfumo mpya. Yale mengine yamepitwa na wakati."

"Itafungua disketi yangu?" Rosa aliuliza.

"Inafungua kila kitu."

Dennis aliichomeka disketi. Kompyuta ilinguruma kidogo. Kisha kikatokea kisanduku chenye maneno ya Kiingereza, na chini yake vitufe viwili. Dennis akasogeza mshale kwenye kitufe cha "Yes", yaani "Ndiyo".

"Subiri," Rosa alisema. "Inauliza nini?"

"Ah, inauliza kama iendelee. Hizi huwa zinauliza uliza."

Rosa alikumbuka kazi yake. Pale zahanati hakuna mtoto anayechomwa sindano kabla kadi yake haijasomwa, hata kama foleni imefika barabarani. Alinyoosha mkono, akamshika Dennis kifundo cha mkono.

"Kaka, nisomee kwanza. Lote."

Dennis alisoma polepole. Tabasamu lake lilipotea.

"Inasema disketi hii haijaandaliwa. Inauliza kama iiandae sasa."

"Ikiiandaa, majina yangu yatakuwa wapi?"

Dennis aliondoa mkono kwenye kompyuta. "Yangefutika," alisema. "Yote. Nisamehe, dada."

Gervas alikaa juu ya tenga lake la karoti.

"Disketi hii imetoka kwenye kompyuta gani?" Dennis aliuliza. Walipomwambia, alitikisa kichwa. "Makintoshi. Nilipaswa kuuliza hilo mapema. Mimi ni muuzaji tu. Nendeni mtaa wa Mwembesongo, kwa fundi Salma. Atakayeweza ni yeye."

Karakana ya Salma ilikuwa na kibao kilichoandikwa "Fundi Redio". Kilikuwa cha marehemu baba yake. Salma, mwanamke wa miaka thelathini hivi, alikuwa amezungukwa na kompyuta tatu na redio nyingi zilizofunguliwa.

"Karibuni. Redio au kompyuta?"

"Disketi," Rosa alisema. Akaeleza yote, toka kifaduro mpaka kisanduku cha Dennis. Hata habari ya karanga hakuificha.

Salma hakumcheka. Aliichukua disketi. Kabla ya kuichomeka popote, alisogeza kwa ukucha kidude kidogo kilicho kwenye kona yake, mpaka tundu likaonekana.

"Tazama hapa, dada. Tundu likiwa wazi, kompyuta inaweza kusoma lakini haiwezi kuandika wala kufuta. Sasa hata mtu akikosea kubonyeza, majina yapo."

Rosa alivuta pumzi. Ilikuwa ya kwanza nzuri tangu Alhamisi.

"Mimi bado sielewi," Gervas alisema. "Kaseti haichagui redio. Kwa nini disketi ichague kompyuta?"

"Shemeji, umewahi kutafuta chumvi kwenye jiko la mwanamke mwingine?"

"Naanzaje kuingia?"

"Basi muulize mkeo. Chumvi ipo, lakini hujui imewekwa kopo gani. Kila kompyuta ina mfumo endeshi. Huo ndio mwenye jiko. Unapokea amri zako na kupanga kazi zako. Mwenye jiko wa Makintoshi anapanga makopo yake kivyake. Mwenye jiko wa Windows akiingia humo anaona vurugu, anadhani hakuna kitu. Ndiyo maana anauliza, nifagie?"

"Na wewe unaye mwenye jiko wa Makintoshi?" Rosa aliuliza.

Salma alionyesha kompyuta iliyokuwa sakafuni. "Huyo hapo, mgonjwa. Ni wa kiwanda kidogo cha uchapaji. Nasubiri kifaa chake kutoka Dar tangu mwezi wa pili."

Rosa alinyoosha mkono kuichukua disketi yake.

"Lakini kuna huyu wa tatu," Salma aliendelea, akivuta kiti mbele ya kompyuta ya pembeni. "Anaitwa Linux. Wanafunzi wa chuo waliniletea kwenye sidii, hanunuliwi. Hana sura nzuri. Ila amejifunza kuingia majiko ya watu."

Kioo kilikuwa cheusi chenye herufi nyeupe. Hakukuwa na picha wala vitufe. Salma aliandika amri. Kompyuta ikajibu kwa mstari mmoja. Salma alikunja uso.

"Imekataa?" Rosa aliuliza.

"Imesema nimekosea. Nayo ni kweli, nimeruka herufi."

Akaandika tena. Disketi ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Rosa alishika ncha ya khanga yake kwa mikono yote miwili.

Kisha majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Hapa na pale zilikuwepo alama za ajabu, lakini majina yalisomeka. Rosa aliyasoma kwa kunong'ona, kama anayesali rozari. Aliliona jina la mtoto wa Ernest. Mbele ya chanjo ya tatu palikuwa patupu.

Gervas alifuta macho, akasema ni vumbi la redio.

Salma alihifadhi orodha kama maandishi ya kawaida, yasiyo na mapambo. "Maandishi ya namna hii husomwa na mfumo wowote," alisema. Aliyanakili kwenye disketi mbili mpya, akazijaribu kwenye kompyuta yake ya Windows. Zote zilifunguka. Kisha akachapa orodha nzima kwenye karatasi. Watoto ambao hawakuwa wamemaliza chanjo walikuwa thelathini na saba.

"Basi tununue hii ya Linux," Gervas alisema. "Imetuokoa."

"Imetuokoa leo," Salma alijibu. "Lakini shemeji, kule mlimani ikikwama, nani ataandika hizi amri? Hapa mjini tunaoijua hatufiki watano. Haigharimu kitu na haigandi ovyo, hilo ni kweli. Makintoshi nayo ni rahisi kujifunza, hata mtoto anaweza. Lakini ni ghali, na mmeona mgonjwa wangu anavyosubiri. Windows 98 inatumiwa na watu wengi na mafundi wake wapo. Ubaya wake huganda mara kwa mara, na virusi vya kompyuta vinaipenda."

"Sasa ipi ni bora?"

"Uliza kwanza, bora kwa kazi ipi, na kwa nani."

Rosa aliomba kalamu. Nyuma ya karatasi aliandika maswali yake mwenyewe. Kazi yangu ya zamani itafunguka? Ninaopelekea taarifa wanatumia mfumo gani? Ikiharibika, fundi yuko umbali gani? Nikitaka kuhama, nitatokaje na majina yangu?

"Ofisi ya afya ya wilaya wanatumia Windows," alisema, akitazama maswali yake. "Taarifa zangu za kila mwezi zinakwenda kwao. Na wewe uko hapa. Nadhani tuchukue hiyo. Lakini orodha niiandike kwa maandishi ya kawaida, disketi ziwe mbili, na kila mwezi nichape kwenye karatasi."

"Mwalimu hana la kuongeza," Salma alisema. "Sasa mnikumbuke kwa karoti."

Walirudi kwa Dennis, Rosa akiwa na moja ya disketi mpya. Hakukubali kulipa mpaka orodha ilipofunguka mbele ya macho yake. Kilipotokea kisanduku chochote, Dennis alikisoma kwa sauti bila kuambiwa.

Jumamosi na Jumapili vijana wa parokia walipanda na kushuka milima wakiwa na majina mkononi. Jumatatu akina mama walianza kufika na watoto mgongoni. Rosa alisoma kadi, akaweka alama kwenye orodha. Jioni alama zilikuwa thelathini na sita.

Mtoto wa Ernest hakuja. Kijana aliyetumwa alisema alikuta nyumba imefungwa.

Jumanne asubuhi barafu ilikuwa karibu kuyeyuka yote. Sista Scholastika alitia chanjo kwenye chupa ya baridi. Yeye na Rosa walipanda mpaka ukingo wa msitu, mwendo wa saa mbili. Walimkuta Ernest na mkewe shambani, wakivuna maharage. Mtoto alikuwa amelala juu ya gunia.

"Mmejuaje hajamaliza?" Ernest aliuliza kwa mshangao. "Hata sisi tulisahau. Kadi yenyewe ililoa masika."

"Tunaye kwenye orodha," Rosa alisema. Hakusema orodha hiyo ilikuwa imepitia wapi.

Aligusa paji la mtoto. Halikuwa na joto. Sista alichoma sindano. Mtoto aliamka, akalia kwa nguvu zote za mapafu yake, sauti ikaenda mpaka mlima wa pili. Rosa alisimama akiisikiliza. Kifua kile kilikuwa kizima. Kisha akaweka alama ya thelathini na saba.

Kifaduro kilifika Mlunga mwezi uliofuata. Watu wazima wawili walikohoa kwa wiki kadhaa. Hakuna mtoto aliyefariki.

Siku hizi Bibi Bernadeta anafungia karanga kwenye magazeti anayoletewa kutoka mjini. Asubuhi moja aliona rundo la karatasi nyeupe mezani kwa Rosa, zimechapwa vizuri, zimefungwa kwa uzi.

"Na hizi nazo ziko kwenye kompyuta?" aliuliza.

"Ziko, mama. Na kwenye disketi mbili pia."

"Kwa hiyo nichukue?"

Rosa aliweka kiganja juu ya rundo.

"Hapana, mama," alisema. "Hizo acha."