Tundu Nyuma ya Kalenda

Kila asubuhi Nelida aliamka kabla ya jua, akavunja barafu iliyofunika ndoo, akajaza birika, kisha akapiga magoti mbele ya jiko na kuupuliza moto wa samadi kwa bomba mpaka machozi yakamtoka. Simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofugwa humo humo jikoni, walimzunguka miguuni wakilia kwii kwii, wakidai majani. Nelida alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa ameshajua utaratibu wa nyumba yao. Wa kwanza kudai chakula ni simbilisi, wa pili ni baba anaporudi kutoka mgodini, na wa mwisho ni Rusbel, ambaye hakudai kitu.

Rusbel alikuwa mdogo wake. Alitimiza miaka miwili wakati wa kuvuna viazi. Wenzake wa rika lile walikuwa tayari wanafukuza kuku na kutukanwa na wenye kuku, lakini yeye alitembea kwa kushika ukuta, na akichoka aliketi chini ya dirisha. Hapo alikwangua ukuta wa matofali ya udongo kwa ukucha, akalamba kidole, akakwangua tena.

"Mama, Rusbel anakula nyumba," alisema Nelida.

"Mwache," alijibu mama yake, Saturnina, bila kugeuka. "Babu yake naye alikuwa mtu wa udongo."

Huko Huaylluni, kijijini kwao milimani, jambo hilo halikumshtua mtu. Kila nyumba ilikuwa na bakuli la udongo mweupe uliokorogwa kwa maji na chumvi, na watu walichovya viazi humo kama wengine wanavyochovya kwenye mchuzi. Mtoto anayelamba ukuta alionekana ana haraka tu, hakusubiri viazi viive.

Siku moja gari jeupe lilipanda kutoka mjini kando ya ziwa. Alishuka mwanamke kijana aliyeitwa Maritza, mtafiti wa chuo kikuu. Pale kijijini kila anayeshuka kwenye gari jeupe huitwa injinia, hata yule wa kuchanja kondoo, kwa hiyo naye akawa Injinia Maritza. Aliwatoboa watoto vidole, akachukua tone la damu, akaliweka kwenye kimashine. Kimashine kilipoonyesha namba ya Rusbel, alikitikisa na kupima tena.

"Damu yake ni nyepesi," aliwaambia akina mama waliokusanyika, "na si yake peke yake. Madini ya chuma ndiyo yanayoipa damu nguvu ya kubeba hewa mwilini. Yakikosekana mtoto hupauka na kuchoka bure. Tena ubongo wake, ambao umri huu ndio unajengwa, hujengwa kwa matofali pungufu. Tunataka kujua kwa nini. Wiki ijayo nitapita nyumba kwa nyumba na mizani, nipime kila kinacholiwa. Ninyi pikeni kama kawaida yenu."

Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yaliyoleta balaa.

Kwenye bomba la maji jioni ile, Bi Hilaria, jirani yao, aliweka ndoo chini ili apate nafasi ya kusema vizuri. "Saturnina, wewe atakupimia nini? Mvuke?"

Wanawake wakacheka. Mama yake Nelida naye akacheka, lakini meno aliyafunga. "Atapima sufuria, shoga. Mdomo wako hataupima, maana mizani yake ni ndogo."

Wakacheka zaidi, lakini kila mmoja alirudi nyumbani akiwaza sufuria yake.

Wiki ile ilikuwa mbaya kwa simbilisi wa Huaylluni. Kila mizani ilipohamia, harufu ya nyama ya kuchoma ilihamia nayo. Bi Hilaria, aliyekuwa akijigamba kwamba mwanakondoo wake hachinjwi mpaka harusi ya mwanawe, alimchinja Jumanne, na bwana harusi mwenyewe hakuwa hata na mchumba.

Mama yake Nelida alichinja simbilisi wawili wanono, wale waliokuwa wakitunzwa kwa ajili ya sikukuu. Mayai, ambayo kila Jumapili yalikwenda sokoni bila mtu wa nyumba ile kujua ladha yake, safari hii yalibaki. Kisha alitazama chini ya dirisha. Pale Rusbel alipokuwa akikwangua palikuwa na tundu la kuingia ngumi. Alichukua kalenda ya duka la misumari, yenye picha ya farasi mweupe, akaitundika juu ya lile tundu. Kwa kuwa tundu lilikuwa chini, kalenda nayo ilikuwa chini, kiasi kwamba aliyetaka kujua tarehe ilimbidi apige magoti.

"Ukiulizwa," alimwambia Nelida, "tunakula hivi siku zote. Umesikia?"

"Na Rusbel je?"

"Rusbel hajui kusema."

Injinia Maritza alifika na mizani yake, akaketi kwenye kigoda siku nzima. Alipima kila kipande cha nyama, alipima mayai, na walipokwisha kula alipima hata mifupa. Rusbel alipewa paja zima la simbilisi. Alilitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyemjua, akalinyonya kidogo, kisha akalala nalo mkononi. Injinia akaandika.

Baadaye alimwita Nelida nje. "Jana mlikula nini?"

Nelida aliona kivuli cha mama yake mlangoni. "Nyama," alisema.

"Na juzi?"

"Mayai."

Uongo ulimtoka kwa ulaini, kama aliyezaliwa nao. Hilo ndilo lililomwogopesha.

Mwezi uliofuata watu waliitwa shuleni kusikia majibu. Injinia Maritza alisimama mbele akitabasamu, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli.

"Akina mama, nawapongeza. Sijaona kijiji chochote huku juu kinacholisha watoto vizuri hivi. Sasa, hapa milimani hewa ni haba, na damu ya watu wa milimani huhesabiwa kwa hesabu yake. Tumekaa tukajiuliza. Kama watoto hawa wanakula nyama na mayai kila siku, basi pengine hawaumwi. Pengine hesabu yetu ndiyo mbovu. Kwa hiyo matone ya madini ya chuma tutawapelekea watu wa bondeni, ambao watoto wao wanakula viazi vitupu."

Akina mama wote waliangalia sketi zao, kana kwamba zimeshonwa upya. Bi Hilaria, ambaye hajawahi kukosa neno, alikohoa tu. Gari jeupe likashuka bondeni na chupa zote za matone.

Kipindi cha baridi kikaingia. Rusbel alizidi kupauka. Alisinzia kijiko kikiwa kati ya bakuli na mdomo, na shingoni mwake ungeweza kuuona moyo ukimkimbia ingawa ameketi. Kazi moja tu hakuichoka. Aliisogeza kalenda pembeni kama pazia, akaingiza mkono.

"Mama, tukamwambie injinia," alisema Nelida.

"Tumwambie nini? Kwamba mama yako ni mwongo?"

"Kwamba Rusbel anaumwa."

"Kijiji kizima kilipika, Nelida. Kwa nini sisi ndio tuwe wa kwanza kuvuliwa nguo?"

Nelida aliendelea kupuliza moto. Lakini tangu siku hiyo kila alipomwona farasi mweupe kwenye ile kalenda, alisikia sauti yake mwenyewe ikisema "nyama" na "mayai" kwa ulaini ule ule.

Injinia Maritza alirudi tena kupima urefu wa watoto shuleni. Alipokuwa akifunga vitu vyake, Nelida alimsogelea.

"Injinia, ile mizani iko garini?"

"Iko. Kwa nini, binti?"

"Kuna chakula hukukipima nyumbani kwetu."

Injinia alicheka, akadhani ni mzaha. Alipouona uso wa Nelida akaacha kucheka, akaichukua mizani, akamfuata.

Mama alikuwa ameenda kukusanya samadi. Nelida alipiga magoti chini ya dirisha, akaiinua kalenda. Tundu sasa lingemeza mkate mzima. Kabla hajasema neno, Rusbel alikuja akishika ukuta, akaingiza mkono mle ndani taratibu, kama mtu anayefikia sahani yake, akatoa udongo na kuula.

"Hiki ndicho anachokula," alisema Nelida. "Hiki, na viazi, na supu ya maji. Nyama alikula ile siku moja tu, ukaipima. Mayai huwa tunauza. Nilikudanganya."

Injinia Maritza alipiga magoti. Ndipo alipoisoma ile kalenda kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya miaka minne nyuma.

Mlango ukafunguka. Mama aliingia na mzigo wa samadi mgongoni, akaona kalenda sakafuni, mizani juu ya kigoda, na mgeni aliyepiga magoti nyumbani kwake. Hakuutua mzigo.

"Umenivua nguo, mwanangu," alisema polepole.

"Mama Saturnina," alisema injinia, "mimi nilikaa hapa siku nzima. Niliona kalenda imetundikwa magotini, sikuuliza. Nilimwona mtoto akilala na nyama mkononi. Mtoto aliyezoea nyama huimaliza kwanza ndipo alale. Niliyaona yote hayo, nikaandika uzito."

"Ungekuta viazi vitupu, ungetuandika vipi?"

"Ningeandika viazi vitupu. Na chupa ya matone ingebaki hapa."

Mama aliutua mzigo. Aliketi juu yake, akamvuta Rusbel mapajani, akamfuta udongo mdomoni kwa upindo wa shali. Alifuta muda mrefu, hata mdomo ulipokuwa umeshatakata.

Habari zikaenea, na kesho yake Bi Hilaria alikwenda mwenyewe kwa injinia, aliyekuwa amelala shuleni, akakiri habari ya mwanakondoo. Wengine wakafuata, wakigombania nani alidanganya kidogo kuliko mwenzake. Kipimo kikarudiwa, safari hii kiazi kwa kiazi. Lakini taarifa ya kwanza ilikuwa imeshafika kwa wakubwa, na kuirudisha karatasi iliyokwisha kupanda ni kazi kuliko kumrudisha punda aliyeona majani. Matone yalifika Huaylluni baridi nyingine ikiwa imepita.

Rusbel alianza kupewa matone kila siku. Meno yakapata weusi, na kinyesi kikawa cheusi kama makaa, mpaka Bi Hilaria akauliza kama mtoto anatiwa mafuta ya gari. Bakuli la udongo likaondolewa mbele ya watoto, kwa kuwa injinia alieleza kuwa udongo huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na kwamba chai ikinywewa pamoja na chakula hufanya vivyo hivyo. Damu ya kondoo, ambayo zamani aliachiwa mbwa, ikawa inakaangwa kwa vitunguu. Mayai yakapitia nyumbani kwanza kabla ya sokoni, na mengine hayakuendelea na safari.

Polepole wekundu ukamrudia Rusbel midomoni. Akauachia ukuta, akatembea. Akasahau kukwangua. Simbilisi wakaanza kumkimbia, na huo ulikuwa uponyaji.

Maneno ndiyo hayakuja. Alipofikisha miaka minne alijua "maji", alijua "mama", na machache mengine. Siku injinia alipokuja kumpima tena, namba ilikuwa nzuri. Mama aliitazama, halafu akauliza, "Na maneno yatakuja lini?"

Injinia Maritza hakumdanganya. "Damu imerudi, Mama Saturnina. Ile miezi haijarudi. Ukiongea naye na kumfundisha atajifunza, lakini kuna mlima atakaoupanda ambao wenzake hawakuupanda."

"Na kama angeanza ile siku ya mizani?"

"Sina hakika. Lakini huenda mlima ungekuwa mfupi."

Baba aliporudi kutoka mgodini alikoroga udongo na majani makavu ili azibe lile tundu. Mama akamshika mkono. "Liache," alisema, na tundu likabaki wazi, bila kalenda.

Mwaka uliofuata walikuja watafiti wengine, na mizani nyingine. Yule mwana wa Bi Hilaria alikuwa ameoa hatimaye, na mkewe, akiwa na mtoto mchanga mgongoni, alikuja mbio kuomba aazimwe simbilisi mmoja mnono. "Wageni wanapita kwangu kesho, mama. Nitawapikia nini?"

Mama yake Nelida alimwongoza mpaka chini ya dirisha. "Ingiza mkono."

Yule mwanamke akainama, akaingiza. Mkono ulizama mpaka kiwiko.

"Hiki ndicho nilichokificha," alisema mama. "Niliogopa mgeni aone viazi vitupu. Angeviona, angeondoka, na aibu yangu ingekwisha kabla vumbi la gari lake halijatua. Mimi nikaificha sufuria, na mgonjwa wangu nikamficha humo humo. Mtu akija kutafuta ugonjwa wa mwanao, mwonyeshe nyumba yako ilivyo, hata kama uso unawaka kwa aibu. Uongo nilisema mimi. Aliyeulipia ni yule pale."

Nelida aliacha kupuliza moto, akageuka. Rusbel alikuwa mlangoni na kitita cha majani, amezungukwa na simbilisi, akiwalilia kwii kwii nao wakimjibu. Sauti hiyo aliiweza kuliko neno lolote.

Yule mwanamke alitoa mkono tunduni, akaupangusa kwenye sketi, akaenda zake bila simbilisi. Kesho yake, mizani ilipofika kwake, harufu iliyotoka mle ndani ilikuwa ya viazi.