Kifungo na Gunia la Vitambaa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi yangu ni kufagia chini ya meza ya mama. Mama ni fundi cherehani na sebule yetu ndiyo karakana yake. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na kando ya ukuta kuna gunia la vitambaa vilivyobaki, ambavyo fundi wa mito ya kulalia huja kuvichukua kila mwisho wa mwezi. Naokota pini, nafagia nyuzi, nasukumia vitambaa guniani, basi. Mama huniita Mkasi, kwa sababu nikikasirika maneno yangu hayachagui pa kukata. Aliyenirithisha hasira hizo namjua, na hakai mbali na cherehani.

Wakati wa likizo, shangazi alituletea mtoto wa mbwa. Shangazi ni mlinzi wa ghala moja kubwa na ndiye anayewatunza mbwa wa lindo. Yule mtoto alikuwa mweusi, mwenye doa jeupe la duara kifuani, nasi tukamwita Kifungo. Mama hakumtaka hata kidogo. Alisema nyumba yenye vitambaa vya watu si mahali pa mnyama asiyejua choo. Nikambembeleza siku mbili, nikamwahidi kwamba nitamfundisha mwenyewe, akakubali kwa sharti moja: siku Kifungo atakapochafua kitambaa cha mteja, anarudi ghalani.

Nilimfundisha kweli. Akiamka, namtoa uani. Akimaliza kula, namtoa. Akianza kunusanusa na kuzunguka, namtoa mbio. Akikojoa kwenye mchanga karibu na karo, nampa kipande cha mkate na kumsifu mpaka majirani wananicheka. Baada ya makosa ya mwanzo, sakafu ilikaa kavu siku kumi mfululizo. Nikatangaza kila mahali kwamba mbwa wangu amehitimu.

Shule zikafunguliwa. Jumatatu hiyo nilirudi jioni na kukuta dimbwi chini ya cherehani. Mama alikuwa jikoni, hajaona. Nilihisi damu ikinichemka. Siku kumi zote zile, mkate wote ule, halafu ananifanyia hivi? Nilimkamata shingoni, nikamsukuma pua kwenye mkojo, nikamchapa kofi mgongoni na kumfokea kwa sauti ya chini ili mama asisikie. Kisha nikachota vitambaa guniani, nikafuta sakafu, nikavirudisha guniani na kuvisukuma chini kabisa. Ningevianika kwenye kamba, mama angeviona.

Jumanne akarudia, safari hii nyuma ya mlango. Jumatano akarudia kando ya gunia. Kilichonichoma zaidi ni kwamba nikimtoa uani alisimama tu, mkia katikati ya miguu, ananiangalia kwa jicho la pembeni na hatoi hata tone. Tukirudi ndani, nikigeuka tu, tayari. Niliamini ananikomoa. Kila siku nilimchapa, nikafuta, nikaficha vitambaa. Alhamisi mama alisimamisha cherehani, akanusa hewa na kuuliza harufu ile ni ya nini. Nikamjibu kuwa labda ni unyevu wa pasi. Aliniangalia kidogo, kisha akaendelea kushona.

Ijumaa ndiyo siku iliyoharibika kabisa. Mama alikuwa amekata sare za kwaya, kitambaa cheupe, na mikono ya magauni kumi na mawili alikuwa ameipanga kapuni karibu na gunia. Niliporudi kutoka shule nilimkuta ameliinamia kapu hilo, ameshika mkono wa gauni wenye doa la manjano. 

"Ameanza lini?" akauliza.

"Leo tu," nikasema.

Akasema kesho shangazi anakuja kututembelea, na Kifungo ataondoka naye. Niliingia chumbani nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia Kifungo zaidi. Alikuwa amejikunja chini ya kitanda changu na nilipomwita hakutoka.

Shangazi alipofika, mama hakungoja hata akae. Alimweleza yote huku akipiga pasi kwa nguvu, pasi inagonga meza. Shangazi alisikiliza, kisha akaniambia nimlete mbwa. Niliita, "Kifungo, njoo hapa!" Alitoka akitambaa kwa tumbo, na aliponifikia miguuni akakojoa palepale.

"Unaona?" nikapiga kelele. "Ananifanyia makusudi!"

"Nyamaza," shangazi akasema, bila kupandisha sauti. "Umempiga mara ngapi?"

Nikainama kuokota pini sakafuni. Akauliza ni kitu gani kilibadilika siku alipoanza. Mama akasema labda ni kufunguliwa kwa shule, maana mchana hakuna wa kumtoa. Shangazi akamuuliza kwa nini yeye hakumtoa. Mama akajibu kwa ukali kwamba mbwa si wake. Shangazi akatikisa kichwa, akasema kibofu cha mbwa wa umri ule hakiwezi kungoja tangu asubuhi hadi jioni, na hakijui mbwa ni wa nani. Kisha akaanza kunusa. Miaka mingi ya kusafisha vibanda vya mbwa imempa pua ambayo haidanganyiki. Alikwenda moja kwa moja kwenye gunia, akatumbukiza mkono mpaka begani, akatoa bonge la vitambaa vyenye madoa makavu. Harufu ilijaa chumba kizima.

Mama aliweka pasi chini. Uso wake ulibadilika rangi.

"Leo tu?" akaniuliza. "Mkasi, uliniambia leo tu. Gunia zima la watu umelifanya choo cha mbwa, halafu unanitazama usoni na kuniambia unyevu wa pasi?" Alisema mengi, na sauti yake ilifika nyumba ya tatu. Mimi nilikuwa nimejibanza ukutani. Alipouliza kwa mara ya tatu kwa nini nilificha, nikalipuka.

"Kwa sababu ya hivi unavyofanya sasa!"

Nilidhani atanizaba kibao. Hakufanya hivyo. Shangazi alimshika mkono, akamwambia taratibu, "Wifi, watazame hao wawili." Mama akatazama. Mimi niko ukutani, na Kifungo yuko nyuma ya miguu yangu, wote tunatetemeka.

Shangazi akatuambia kuwa Kifungo hakusahau kukojoa nje. Alikuwa amejifunza kwamba mtu akiuona mkojo wake, atapigwa, kwa hiyo akaacha kukojoa mbele yangu na kutafuta pa kujificha. Vitambaa nilivyoficha vilikuwa vinamwita, maana mbwa hurudi penye harufu yake. Vilivyokuwa kapuni kwake ni vitambaa tu kama vile vya guniani.

Mama alifunga mdomo wa gunia. "Sharti nililiweka kwa mbwa," akasema mwishowe, "kumbe wa kulivunja ni wewe. Mbwa atabaki. Wewe utafua mikono yote ya kwaya, na fundi wa mito akija utamweleza mwenyewe gunia lake limeenda wapi. Na bado nina hasira, usidhani zimeisha."

Nilifua mpaka vidole vikanyauka. Tulivitupa vitambaa vilivyokuwemo guniani, tukasugua sakafu kwa sabuni kisha kwa maji ya siki ili harufu iishe. Mama akakubali, kwa kununa, kumtoa Kifungo kila adhuhuri. Fundi wa mito alinisema mbele ya watu, nami nikavumilia.

Wiki tatu baadaye mvua ilinyesha siku nzima, na Kifungo akakojoa tena kando ya meza. Mkono wangu uliinuka wenyewe. Nikaushusha, nikavuta pumzi, nikaita, "Mama, amekojoa ndani. Mvua ilimtisha nami sikumlazimisha kutoka."

Mama alikuwa na pini mdomoni. Niliona nyusi zake zikikutana. Alizitoa pini moja moja akazichomeka kwenye kimto, na nilijua anahesabu ili hasira zipoe.

"Chukua ndoo," akasema. Tulipokuwa tunafuta pamoja, akaongeza, "Hasira zangu hazikukufundisha kusema kweli. Zilikufundisha kuficha tu, na wewe ukamfundisha mbwa vivyo hivyo. Kosa tukiliona tutalisafisha. Likifichwa, tutalinusa kila siku."

Mvua ilipokatika nilimpeleka Kifungo uani. Alisimama kwenye mchanga wenye maji, akaniangalia machoni, akachuchumaa na kukojoa mbele yangu. Nilikwenda kumtafutia mkate.